Maombi Yenye Anwani

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Nimesimama kutwa mlangoni pa supamaketi kule Etterbeek, hapa Brussels, nikilinda mtindi na jibini. Kule Mukubwe, Kongo, nilikuwa kamanda wa sous-ciat, kituo cha polisi chenye askari sita na baiskeli mbili, na watu walinipisha njia nikipita. Leo bibi mmoja amenipa mwavuli wake nimshikie wakati anatafuta ufunguo wa gari. Nimeshika.

Ijumaa, 3 Oktoba

Maître Chloé, wakili wetu, amepiga simu. Jaji wa uchunguzi atawasikiliza mashahidi wetu Januari. Miaka mitatu tumengoja neno hilo, na lilipokuja nilikuwa msalani, simu sikioni, suruali magotini.

Naandika jambo lote hapa kama nilivyozoea kuandika ripoti, maana siku hizi kichwa changu hakishiki maji. Chef wa Mukubwe, mtawala wetu wa jadi, alikataa kuitoa milima ya makaburi ya wazee wake kwa Kampuni moja ya madini yenye makao yake hapahapa Brussels. Jina lake silitaji, jaji analo. Asubuhi moja chef aliokotwa mtoni. Administrateur wa territoire, mkuu wa wilaya, akaniletea karatasi nisaini: chef alilewa usiku na wachimbaji, akaanguka majini.

Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya maiti. Chef wa kwetu hali wala hanywi mbele ya watu. Hata mke wake hajawahi kumwona akitafuna. Anamwona mtu mmoja tu, mpishi wake, na mpishi huyo alikuwa Noé, mdogo wa mke wangu. Aliyetunga uongo ule hakuwa mtu wa kwetu, au alikuwa mtu wa kwetu aliyetusahau. Sikusaini. Wiki hiyohiyo kituo changu kikachomwa na mimi nikakimbia na familia.

Mashahidi ni wawili. Noé aliwaona watu waliomtoa chef akiwa hai, chakula bado cha moto. Héritier, dereva, ndiye aliyeendesha gari lililombeba. Noé amejificha Zambia, mjini Ndola. Héritier amejificha Likasi, kulekule Kongo. Tunaojua ni mimi, Maître Chloé na Mukendi, rafiki yangu, anayeyatafsiri maneno yao kwa Kifaransa. Kesi yote ya Mukubwe inakaa juu ya roho za hao wawili. Wakifika kwa jaji wakiwa hai, tumeshinda. Wasipofika, chef alilewa.

Jumapili, 5 Oktoba

Nyumbani kwetu Saint-Gilles ni chumba, sebule na jiko, ghorofa ya tatu. Jikoni ni kwa mama mkwe wangu, Maman Euphrasie. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mmoja akiwa mlangoni mwingine anarudi nyuma. Kule kwake Likasi, nilipomtembelea, kulikuwa na kiwanja kizima kati yetu. Hapa kuna ukuta mwembamba kama kaki. Mimi nala chumbani, sahani juu ya magoti. Nikitaka maji nakohoa kwanza kwenye korido ili ajifiche nyuma ya mlango wa friji. Rolande, mke wangu, anapeleka maneno kati yetu kama tarishi.

Kila alfajiri saa kumi na moja Maman anawasha simu jikoni na kuingia kwenye mlolongo wa maombi wa Pasta Éliézer, mchungaji wa kanisa letu, pamoja na watu wa Lubumbashi, Paris, Johannesburg, popote. Maneno siyasikii, maana ananong'ona. Nasikia mvumo wake na mvua ya dirishani. Mvumo ukikoma naitikia "Amina" kitandani, nageukia upande wa pili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mvua. Mtindi.

Jumanne, 14 Oktoba

Héritier hapokei simu.

Jumatano, 15 Oktoba

Hapokei.

Alhamisi, 16 Oktoba

Wamemchukua. Tatiana, jirani wa zamani wa Maman kule Likasi, ndiye aliyekwenda kuniangalizia. Gari la kijivu lilikuja mchana kweupe. Halikuuliza njia. Watu wawili walipita moja kwa moja nyuma ya duka la fundi cherehani, wakagonga mlango wa tatu, wakamwita kwa jina la nyumbani ambalo wanamwita waliomlea tu. Akatoka akicheka, akidhani ni ndugu. Kandambili zake zimebaki kizingitini, moja imepinduka.

Héritier alikulia jikoni mwa Maman Euphrasie pamoja na Noé, wakilamba sufuria moja. Rolande alipompa habari mama yake nilisikia kiti kikianguka. Kisha simu ikawashwa, ingawa haikuwa saa ya maombi.

Mimi nilikaa kitandani na viatu. Najua kazi yangu. Mtu hapatikani hivyo kwa bahati. Kuna aliyesema, na tuliojua ni watatu. Mimi sikusema. Chloé ni binti Mbelgiji wa Namur ambaye hata jina la mtaa ule halimkai mdomoni. Nikabaki na mmoja, na sikutaka kubaki naye.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimekwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kununua pondu, kisamvu chetu, na nimemwona Mukendi ndani ya baa, meza ya pembeni, na mtu mwenye koti zuri la sufu. Mtu huyo namjua sura. Alikuwa akimbebea mkoba Administrateur alipokuja Mukubwe. Nimesimama kwenye mvua nje ya kioo mpaka pondu ikaanza kudondosha maji.

Nilimpigia jioni.

"Ulikuwa na nani, Mukendi?"

"Wapi?"

"Matonge. Ule wa manteau."

"Ah, ule! Ni cousin wa bibi yangu. Anatafuta travail, kazi yoyote. Bon, juu ya nini unaniuliza vile police?"

"Juu mi ni police."

Akacheka. Mimi sikucheka. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika hapa. Ndiye aliyebeba godoro letu begani ghorofa tatu, mbavu zake zikilia. Nilikuwa nikimwona kama ndugu. Leo kila nikikumbuka kicheko chake, naona meno tu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Sijalala. Mvua haijui kuchoka. Rolande amesema, "Lucien, unamufikiria mubaya muntu bila kumuuliza muzuri." Nimemwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akaenda kazini kuosha wazee wa watu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma, jioni imekuwa usiku. Leo nimemwambia Maître Chloé habari za Mukendi na mtu wa koti. Ameuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya kamanda. Amemwondoa kwenye kesi.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani, ile gereji ya zamani karibu na stesheni ya Gare du Midi, habari imeshaenea. Mukendi alipoketi, safu yake ikabaki tupu kama ana upele. Pasta Éliézer alihubiri juu ya Yuda. Sidhani alikusudia, ilikuwa zamu ya andiko hilo, lakini shingo zote ziligeuka.

Nje Mukendi alinifuata kwenye mvua.

"Lucien. Ni weye ulisema?"

Nikapandisha zipu ya koti.

"Mi nilikubebea matelas," akasema. "Mi nilimutafsiria Héritier, nikalia mbele ya avocate Chloé juu ya maneno yake. Alors ni miye nimemuuza?"

"Kama haiko weye, ni nani?"

"Uliza kwako," akasema, akaondoka.

Nilidhani ananitukana tu. Watu wa nyumbani kwangu ni mke anayelala wima kwa uchovu na mama mkwe ambaye sijawahi kumwona usoni. Hao hata kwenye hesabu siwaweki.

Jumapili, 9 Novemba

Noé amepiga. Ana jipu kwenye mguu wa kushoto, limevimba, hawezi kukanyaga. Anacheka, anasema mpishi wa chef sasa anapikiwa uji na Fatuma, mwenye nyumba wake. Alizungumza nami, kisha na dada yake, kisha na mama yake. Nilimkataza kwenda hospitali, asije akaonekana, hata kama jipu linamla. Nilisema kwa ukali, kisha nikamwambia naogopa. Sijawahi kumwambia mtu hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Wamefika Ndola.

Fatuma alinipigia mwenyewe, akinong'ona. Vijana wawili wenye adabu walibisha mlangoni. Walisema wametumwa na ndugu wa maombi kumletea Noé dawa ya mguu. Walikuwa na dawa kweli, kopo la mafuta na bendeji mpya. Wakasema, "Ule wa kushoto, maman."

Fatuma ameuza sokoni maisha yake yote, anajua mteja na anajua mwizi. Aliwaambia mgonjwa amepelekwa hospitali jana. Walipogeuka tu, akamtoa Noé kwa mlango wa banda la kuku, akampakia kwenye mkokoteni wa mkaa. Sasa yuko mahali pengine. Mahali hapo siandiki, wala Rolande sijamwambia.

Lakini mguu. Ule wa kushoto. Mukendi hakujua mguu, hana kesi tena wiki ya tatu hii. Chloé hajui. Noé aliusema Jumapili, kwa simu moja, ndani ya nyumba hii. "Uliza kwako." Nimekaa kwenye kona ya kitanda. Mtu wangu alibeba godoro langu na mimi nikambebesha damu ya Héritier.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa kumi na moja alfajiri nimefanya jambo ambalo baba yangu angenilaani kwalo. Nimetoka na soksi, nikapita korido, nikaweka sikio kwenye mlango wa mama mkwe.

Kwanza sauti ya Pasta Éliézer, kutoka kwenye simu: "Bandugu, tunasemaka kila siku. Posta hapelekake barua yenye haina adresse, yenye haina anwani. Taja jina! Taja quartier, mtaa! Mungu anapenda précision!"

Kisha yeye. Sijawahi kuyasikia maneno yake. Ana sauti nzuri, ya chini, ya mtu anayeongea na mumewe.

"Baba, ni miye Euphrasie. Ninakuleteya Noé, kitinda mimba yangu. Iko Ndola, Baba, nyuma ya kanisa ya Baptiste, nyumba ya Maman Fatuma yenye portail, geti ya bleu. Weka mukono yako kwa muguu wake wa kushoto. Na Héritier, Baba, ule nilikutajia na jina yake ya nyumbani, Likasi nyuma ya fundi wa nguo, mulango ya tatu, umurudishe..."

Simu ikajaa sauti za watu: amina, amina, amina. Za wanaume, za wanawake, nyingine mbali sana. Mimi kila alfajiri niliitikia pamoja nao kutoka kitandani.

Nilirudi chumbani nikamwamsha Rolande. Nilimshika mkono tu, nikamwonyesha ukuta.

Alhamisi hiyohiyo, jioni

Nimemfuata Pasta Éliézer. Ni mtu mwema, anauza matairi mchana. Nikamuuliza ni watu wangapi huingia kwenye mlolongo.

"Siku mingi mia tatu, mia ine. Namba inatembea, papa. Muntu anamupatia muntu. Ni kazi ya Mungu, sifungie muntu mulango."

"Na wenye hawaombake? Wenye wanasikilizaka tu?"

"Bako, benye kusikiliza tu," akasema. Kisha akaketi juu ya tairi.

Ijumaa, 14 Novemba

Rolande amemwambia mama yake. Aliingia jikoni, akafunga mlango. Nilisimama koridoni nikingoja kilio. Hakikuja. Ilikuja sauti kavu:

"Héritier... ni miye nilimuuza?"

"Hapana, maman. Haukujua."

"Nilisema mulango ya tatu, Rolande, vile mwenyewe aliniambia kwa simu. Nilihesabu ile milango vizuri, juu Mungu asikosee."

Basi hapo ndipo kilio kikaja. Jirani wa chini akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio. Mwache agonge.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Nimepita nyumbani kwa Mukendi. Hakufungua.

Jumanne, 18 Novemba

Hali iko hivi. Viza ya Noé ya kuja huku kutoa ushahidi itatoka mapema Desemba, lakini ni lazima aende kuichukua mwenyewe Lusaka. Fatuma anasema vijana wale hawajaondoka Zambia. Wanaonyesha picha yake kwenye stendi za mabasi na wanatoa bia. Mguu bado. Akipanda basi watampata, akibaki watampata.

Nawajua watu wa namna hiyo. Wanaamini kile kilichowaletea mawindo mara mbili. Mlolongo ukiwaambia Noé amerudi Kongo, wataiacha Zambia siku hiyohiyo. Wanaiamini sauti moja tu.

Nimemwambia Rolande. Aliniangalia kama nimemtukana mama yake, na kweli nimemtukana. Lakini akaenda. Nikasikia kila neno, ukuta ni ule ule.

"Lucien anasema useme kama Noé iko Congo."

"Nimuambie nani?"

"Kwa maombi, maman."

Nikasikia bomba la maji likifungwa.

"Nimusemeshe Mungu bongo, uongo?"

"Ni juu ya kuponesha Noé..."

"Muambie Commandant hivi. Miye nimezaa batoto saba, nimezika bane. Nilimulalamikia Mungu, nilimukasirikia, siku ingine nilimunyimia bonjour. Bongo sijamuambiake. Ni kitu moja tu niko nayo."

Jumapili, 23 Novemba

Maman hajala tangu Alhamisi. Saa kumi na moja anaingia kwenye mlolongo na kukaa kimya. Nilimwambia Rolande ampelekee neno kwamba Mungu anaelewa. Neno likarudi: "Kama anaelewaka vile, juu ya nini anataka mi ndiye niseme?"

Alhamisi, 27 Novemba

Noé amelia kwenye simu. Mwanamume mzima. Ameona gari likipita mara mbili. Amesema, "Beau, shemeji, kama banakuya, mi nitatoka tu, nimechoka kulala na makaa." Nimemwomba asitoke. Nimemwomba kama mtoto anavyoomba asichapwe. Kazini nimewaacha vijana watatu watoke na chupa za pombe chini ya makoti. Sikuinua hata mkono.

Jumatatu, 1 Desemba

Viza imetoka. Anatakiwa Lusaka kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Stendi bado inalindwa.

Nilikwenda mwenyewe. Nilisimama mlangoni pa jiko, mgongo wangu kwake, uso ukutani, kwa heshima, na nikasema naye moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake.

"Maman, nisamehe. Sina njia ingine."

Nilisikia kisu chake kikikata kitunguu. Kikasimama.

"Nikitaja nyumba ya muntu," akasema, "watakuenda kwa ile nyumba."

"Ndiyo, maman."

"Basi batakuta muntu ndani."

Sikuwa nimefikiria hilo. Kamanda mzima, sikuwa nimefikiria. Kisu kikaanza tena kukata, polepole.

Alhamisi, 4 Desemba

Niliamka kabla ya saa. Rolande naye macho. Tukashikana mikono kama watu wanaongoja daktari. Safari hii hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Baba, ni miye Euphrasie. Asante. Noé amevuka mupaka, amerudi Likasi. Iko ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ile ya bibati nyekundu, avenue ya miti, pembeni ya tanki ya maji. Amejifungia ndani. Ufunguo iko chini ya jiwe. Umulinde, Baba, pale penye namuweka."

Amina, amina, amina.

Nyumba hiyo iko tupu tangu tukimbie. Mabati yale mekundu aliyapandisha marehemu mumewe kwa mikono yake, na mwenyewe amezikwa nyuma, chini ya mparachichi. Kila mwezi Maman humtuma Tatiana akafagie. Anasema atakufa humo, si huku kwenye friji ya Wazungu. Miji yote ya Kongo ilikuwa wazi mbele yake, akachagua mlango wake mwenyewe, kwa sababu nyuma ya mlango huo hakuna mtoto wa mtu.

Sikuweza kuitikia.

Ijumaa, 5 Desemba

Fatuma: vijana hawaonekani stendi.

Jumamosi, 6 Desemba

Noé yuko ndani ya basi. Mitaani watoto wanapewa chokoleti na mtu mwenye ndevu za pamba. Mvua imegeuka theluji, kisha ikageuka mvua.

Jumapili, 7 Desemba

Wameichoma. Tatiana ametuma picha. Zimebaki kuta nne nyeusi na bati moja lililojikunja. Amesema tulimwonya kwa wakati, hakukaribia, na majirani wote wazima. Walipokuta ndani hamna mtu walivunja kwanza, kisha wakamwaga petroli. Mparachichi umeungua upande mmoja. Kaburi limepona.

Rolande alimwonyesha mama yake simu. Maman aliitazama, akairudisha, akaendelea kuosha mchele. Noé alikuwa tayari Lusaka, akingoja Jumatatu dirisha la viza lifunguliwe.

Jumatatu, 8 Desemba

Saa kumi na moja nimeamshwa na kimya. Jikoni taa inawaka, simu haijawashwa.

Jumanne, 9 Desemba

Kimya.

Jumapili, 14 Desemba

Pasta Éliézer amefunga mlolongo. Alikuja nyumbani kuomba radhi, akapiga magoti koridoni kwetu juu ya kapeti la plastiki. Maman alimtumia chai kwa mkono wa Rolande. Neno hakumtumia.

Alhamisi, 18 Desemba

Noé ameshuka uwanja wa ndege wa Zaventem. Nilimtambua kwa mwendo tu, mguu ule wa kushoto anauburuta. Amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Rolande alimkumbatia akasahau kumwachia, watu wa mizigo wakatupita kulia na kushoto.

Nyumbani alikwenda jikoni na mlango ukafungwa saa nzima. Kisha chakula, sisi wanaume sebuleni, wanawake jikoni, mlango umeachwa wazi ili tusikiane. Bukari, ugali wa kwetu, pondu, samaki. Noé akaweka mikono juu ya sahani. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mlolongo, kila mmoja alidhani mwenzake amemwambia.

"Maman," akasema kwa furaha, "Mungu alisikia maombi yako!"

Jikoni kijiko kikawekwa chini.

"Noé. Miaka mitatu nilimuambia kweli, na wenye balisikia ni babaya. Siku moja nikasema bongo, na ile ndiyo ilikuponesha. Sasa weye, mutoto yangu, niambie. Kesho nimuambie nini?"

Noé alinigeukia mimi. Nikatazama samaki. Rolande alilia bila sauti, na tulikula kwa sababu chakula kilikuwa kimepikwa.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimekwenda Forest, kitongoji cha Brussels. Mukendi anakaa mtaa ulio nyuma ya kile kiwanda cha magari kilichofungwa, alikofanya kazi mpaka mwisho. Safari hii alifungua, nusu ya mlango. Nikamwambia yote, kuanzia mguu. Nikasema nimekosa. Nikasema yule cousin wa koti, hata kama aliwahi kumbebea mkoba Administrateur, alikuwa anatafuta kazi tu, na mimi niliona Yuda kwa sababu nilimhitaji Yuda.

Alinisikiliza. Amezeeka miezi hii miwili.

"Noé iko muzima?"

"Iko muzima."

"Siku ya juge, ya jaji, mi nitamutafsiria. Avocate alisha kuniita." Akashika kitasa. "Donc weye, Lucien, usinisalimie bado. Mi nitakuambia siku."

Akafunga polepole, bila kubamiza. Ningependa angebamiza.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Maman hakwenda kanisani. Alisema miguu.

Alhamisi, 8 Januari

Kwa jaji. Noé alikaa upande mmoja, Mukendi kando yake, mawakili wa Kampuni watatu upande wa pili na kalamu za dhahabu. Mimi nilingoja nje na Rolande, Chloé ametusimulia baadaye. Wakili mmoja aliuliza shahidi anajuaje kwamba chef hakulewa siku ile. Noé akajibu, na Mukendi akatafsiri neno kwa neno: "Mi ndiye nilikuwa namuonaka akikula. Duniani, ni miye moja tu." Jaji akaacha kuandika, akamtazama.

Halafu akauliza nani aliendesha gari. Noé akataja jina. Jaji akauliza yuko wapi. Mukendi hakuwa na cha kutafsiri.

Kesi itaendelea. Huenda tukashinda, huenda la. Mvua ilitusindikiza mpaka nyumbani.

Ijumaa, 9 Januari

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida, kwa kimya. Nikatoka na soksi. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nikakohoa, nikangoja asogee nyuma ya mlango wa friji.

"Ingia, Commandant," akasema. "Kati ya miye na weye, haya ya kuficha imebakia gani?"

Nikaingia. Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, macho chini. Nilimwona mikono tu. Alikuwa anachambua maharage, na mbele yake simu imelala kifudifudi. Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaisha.

"Mi siwezi tena," akasema. "Kinywa yangu imechafuka. Omba weye. Miye nitaitikia."

Sijawahi kuomba kwa sauti maishani. Nimeandika ripoti, nimetoa amri, nimewahoji wezi wa ng'ombe. Nilifumba macho na nikatafuta pa kuanzia, kama anavyofundisha Pasta: jina kwanza, kisha mahali.

"Baba," nikasema, "Héritier."

Nikangoja. Dirishani mvua.

"Adresse hatuna."

Maman akavuta pumzi.

"Amina," akasema.